Istilahi na Vipimo: Tatizo la "Maisha" katika Kueleza Maumbo ya Viini vya Atomu kwa Kiswahili

IKISIRI

Wanafizikia hutambua maumbo ya viini vya atomu kwa kupima muda mfupi ambao kiini hukaa katika hali ya msisimko kabla ya kurudi katika hali yake ya chini. Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kueleza upimaji huo. Hoja kuu ni kwamba maneno yanayomjia mfasiri kwanza, yaani umri, maisha, nusumaisha na kuoza, yana maana za kawaida zinazoweza kubadili tokeo la hesabu, mbali na kubadili mtindo wa maelezo. Kwa kutumia mfano wa isotopu za samariamu, inaonyeshwa kwamba tarakimu moja ikisomwa kwa njia tatu huzaa maumbo matatu tofauti. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya seti ya istilahi zinazohusiana.

1.0 UTANGULIZI

Suala la uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi limejadiliwa kwa miongo mingi katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na kazi kubwa imefanyika. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili. Kazi za aina hii zimeondoa shaka kwamba lugha hii inaweza kuunda istilahi. Swali lililobaki ni gumu zaidi: je, istilahi zilizoundwa zinaweza kutumika kwa pamoja katika hoja ndefu ya kisayansi bila hoja hiyo kupotoka njiani?

Kamusi ya istilahi hupanga maneno kwa alfabeti, ilhali mwanasayansi huyatumia kwa mfuatano wa hoja. Neno linaloonekana kufaa likiwa peke yake linaweza kukwaruzana na jirani yake pindi yote mawili yakiingia katika sentensi moja. Kwa sababu hiyo, kipimo cha haki cha istilahi si orodha bali ni matini. Makala haya yamechagua uwanja mmoja mdogo wa fizikia ya kiini ambamo mfuatano wa hoja una hatua chache zinazoeleweka, na ambamo kosa la neno linaweza kuhesabiwa kwa tarakimu.

2.0 KIINI, NGAZI ZA NISHATI NA UMBO

Tangu Ernest Rutherford alipotoa maelezo yake ya mwaka 1911, imejulikana kwamba karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo sana kilicho katikati yake. Atomu ina upana wa takriban sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Kiini ni kidogo kuliko hapo kwa makumi ya maelfu ya mara, na hupimwa kwa femtomita, yaani sehemu moja ya milioni bilioni ya mita. Ndani yake mna protoni na nyutroni. Nusukipenyo chake hukadiriwa kwa kuzidisha femtomita 1.2 kwa kipeo cha theluthi cha jumla ya chembe hizo.

Kwa muda mrefu kiini kilichukuliwa kuwa tufe, mithili ya tone la kimiminiko. Mwaka 1950 James Rainwater alitoa hoja kwamba chembe zilizo nje ya fungu lililokamilika zinaweza kulivuta tone hilo na kulirefusha. Katika miaka iliyofuata Aage Bohr na Ben Mottelson waliijenga hoja hiyo kuwa nadharia kamili, na watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1975. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, viini vingi si matufe. Baadhi vimerefuka, baadhi vimebonyea, na vingine vichache vina upande mmoja mnene kuliko wa pili.

Hakuna hadubini inayoweza kuonyesha umbo hilo. Linalowezekana ni kukipa kiini nishati ya ziada na kukisubiri kiiachie. Kiini hakipokei nishati ya kiasi chochote, bali kina ngazi zake maalumu. Kikipandishwa ngazi moja, hukaa hapo kwa muda, kisha hushuka, na tofauti ya nishati huondoka mara nyingi kama mwali wa gamma. Kiini kilichorefuka kinaweza kuzunguka, na mzunguko wa chaji iliyorefuka ni chombo chenye nguvu cha kutoa miali. Kwa hiyo, nishati ikiwa ile ile, kiini kilichorefuka sana hushuka upesi kuliko kile kinachokaribia tufe. Hapo ndipo muda unapogeuka kuwa habari za umbo.

3.0 NAMNA MUDA UNAVYOPIMWA

Muda unaohusika hauna ukubwa mmoja. Ngazi nyingine hudumu kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Nyingine hudumu kwa pikosekunde, ambazo ni ndogo mara elfu moja zaidi, na nyingine kwa femtosekunde, ambazo ni ndogo mara elfu moja tena. Kila kundi lina mbinu yake.

Kwa nanosekunde na sehemu ya juu ya pikosekunde hutumiwa saa ya kielektroniki. Kigunduzi kimoja hupokea mwali unaoashiria kwamba kiini kimeingia katika ngazi inayochunguzwa, na saa huanza. Kigunduzi cha pili hupokea mwali unaotoka katika ngazi hiyo, na saa husimama. Tendo hilo hurudiwa mara nyingi sana, kisha huchorwa mchoro wa idadi ya matukio dhidi ya muda.

Kwa pikosekunde, mwendo hutumiwa badala ya saa. Boriti ya chembe hupiga karatasi nyembamba ya metali, na viini vinavyozaliwa hapo huruka mbele kwa kasi ya asilimia chache ya kasi ya nuru. Mbele yao huwekwa karatasi ya pili inayovisimamisha. Kiini kinachoshuka kikiwa njiani hutoa mwali ambao nishati yake imebadilishwa na athari ya Doppler, athari ile ile inayofanya mlio wa king'ora cha gari linalokaribia usikike kwa sauti ya juu zaidi. Kiini kinachoshuka baada ya kusimama hutoa mwali usiobadilika. Mtafiti huhesabu miali ya aina zote mbili huku akisogeza karatasi kidogo kidogo. Kwa kasi ya asilimia 3 ya kasi ya nuru, pikosekunde 1 ni sawa na safari ya maikromita 9, umbali ulio mfupi kuliko unene wa unywele. Muda usioweza kushikwa na saa husomwa kama urefu.

Kwa muda mfupi zaidi, nafasi kati ya karatasi huondolewa. Kiini hupunguza mwendo ndani ya metali yenyewe, na sura ya mstari wa gamma huonyesha kilikuwa na kasi gani wakati kiliposhuka.

Katika mbinu zote hizi jambo moja la kiisimu lastahili kuzingatiwa: kitu kinachopatikana kutoka maabara ni muda. Neno umbo bado halijaingia.

4.0 KUTOKA MUDA HADI UMBO: MFANO WA SAMARIAMU

Isotopu za samariamu zinafaa kwa mfano kwa sababu umbo lake hubadilika haraka kadiri nyutroni zinavyoongezeka. Katika samariamu-148 ngazi ya kwanza ya msisimko iko kwenye kilo-elektronivolti (keV) 550. Katika samariamu-150 iko kwenye 334, katika samariamu-152 kwenye 122, na katika samariamu-154 kwenye 82. Muda ambao nusu ya viini huwa vimeshuka kutoka ngazi hiyo ni takriban pikosekunde 7.7 kwa isotopu ya kwanza, pikosekunde 48 kwa ya pili, nanosekunde 1.40 kwa ya tatu na nanosekunde 3.0 kwa ya nne.

Msomaji anayekumbuka kwamba kiini kilichorefuka hushuka upesi atadhani kwamba samariamu-154, yenye muda mrefu kuliko wote, ndiyo iliyo karibu zaidi na tufe. Kinyume chake ndicho kweli. Kasi ya kushuka hutegemea pia nishati ya mwali, tena kwa kipeo cha tano. Nishati ikipungua kwa nusu, kasi ya kushuka hupungua mara 32. Kwa hiyo muda hauwezi kusomwa peke yake. Uhusiano kamili ni huu:

(1) 1/τ = 1.22 × 10⁹ × E⁵ × B × (1 + α)

ambapo τ ni wastani wa muda wa kukaa katika ngazi kwa sekunde, E ni nishati ya mwali kwa mamilioni ya elektronivolti, B ni nguvu ya mshuko, na α ni idadi ya mara ambazo kiini humpa elektroni wa atomu nishati yake kwa kila mara moja kinapotoa mwali. Kutoka B hupatikana kiashiria cha umbo:

(2) β = 4π√(5B) / (3ZR²)

ambapo Z ni idadi ya protoni na R ni nusukipenyo cha tufe lenye ujazo ule ule. β ikiwa sifuri, kiini ni tufe.

Kwa samariamu-152, τ ni nanosekunde 2.02 na α ni takriban 1.16. B inakuwa karibu 7,000 kwa vizio vya fomula hii, na β inakuwa 0.31. Maana yake ni kwamba, kiini hicho kikiwa kimerefuka, mhimili wake mrefu unazidi ule mfupi kwa takriban asilimia 32. Kwa samariamu-148, -150 na -154, β ni takriban 0.14, 0.19 na 0.34. Ruko kubwa liko kati ya 150 na 152: nyutroni mbili tu zinatosha kubadili umbo kwa kiasi hicho. Ruko hilo ndilo linaloipa samariamu nafasi yake katika nadharia, na ndilo litakalopotea iwapo istilahi zitatatanisha.

5.0 UCHAMBUZI WA ISTILAHI

5.1 Umri

Neno umri humjia mfasiri haraka kwa kuwa ni fupi na lina heshima ya kitaalamu. Hata hivyo, katika Kiswahili umri ni kiasi cha muda kilichokwisha kupita tangu kuzaliwa. Mtoto ana umri na mzee ana umri, na kila mmoja umri wake huongezeka kila siku. Usemi umri wa kuishi, unaotumiwa katika takwimu za idadi ya watu, huepuka kasoro hiyo kwa kuongeza kitenzi. Pamoja na hayo, usemi huo bado umejengwa juu ya dhana ya viumbe wanaozeeka.

Kiini hakizeeki. Kiini kilichokwisha kukaa katika ngazi ya msisimko kwa nanosekunde 10 kina uwezekano ule ule wa kushuka katika nanosekunde ijayo kama kile kilichopanda sasa hivi. Hakina kumbukumbu ya muda uliopita. Sifa hii ndiyo inayozaa mchoro wa kupungua kwa uwiano ambao upimaji wote umeusimamia. Istilahi umri huficha sifa hiyo, na huleta dhana ya uchakavu ambayo fizikia inaikataa waziwazi.

5.2 Muda wa kudumu

Usemi muda wa kudumu hauna kasoro ya kuzeeka, lakini una mtego wa kisarufi. Kudumu kikiwa kitenzi tupu humaanisha kukaa kwa muda fulani, kama inavyosemwa kwamba mkutano ulidumu kwa saa mbili. Kikitanguliwa na kihusishi cha umilikishi, -a kudumu hugeuka kuwa kivumishi chenye maana ya kisichokoma: katibu wa kudumu, makazi ya kudumu, amani ya kudumu. Kwa hiyo muda wa kudumu wa hali ya msisimko unaweza kusomwa kama muda usiokoma, na hali ya kudumu ikawa kinyume kabisa cha hali ya msisimko. Kitenzi kudumu kinafaa katika sentensi. Hakifai kuwa kiungo cha istilahi.

5.3 Nusumaisha

Tatizo kubwa limo katika neno nusumaisha. Kwa muundo wake ni neno ambatani lililoundwa kwa utaratibu wa kawaida wa lugha, nalo ni fupi. Lakini maana ya ambatani hizi ina kanuni yake. Katika nusukipenyo, nusu huligawa kwa usahihi jambo linalotajwa na sehemu ya pili: nusukipenyo ni kipenyo kilichogawanywa kwa mbili. Katika nusukaputi, nusu haigawi kwa hesabu, bali huonyesha kwamba jambo halijatimia. Kwa vyovyote vile, nusu inalielekea neno linaloifuata.

Katika dhana inayohusika, nusu haiyaelekei maisha hata kidogo. Kinachogawanywa ni idadi ya viini. Viini 1,000 vya samariamu-152 vikiwekwa katika ngazi ya kwanza, baada ya nanosekunde 1.40 hubaki 500, na baada ya 2.80 hubaki 250. Wastani wa muda ambao kila kimoja hukaa ni nanosekunde 2.02, wakati ambapo wamebaki takriban 368. Uhusiano wa muda hizo mbili ni 0.693, wala si 0.5. Mwanafunzi anayejua kuwa nusukipenyo ni nusu ya kipenyo ana kila sababu ya kuamini kwamba nusumaisha ni nusu ya maisha. Sarufi ya lugha yake ndiyo inayompotosha.

Gharama yake yaweza kukokotolewa. Tuseme matini imeandika tu kwamba maisha ya ngazi hiyo ni nanosekunde 1.40. Usomaji ni wa aina tatu:

(i) Tarakimu ikisomwa kwa usahihi kuwa muda wa kubaki nusu, τ ni 2.02 na β ni 0.31.

(ii) Ikisomwa kuwa wastani wenyewe, τ ni 1.40 na β inapanda hadi 0.37.

(iii) Ikisomwa kuwa nusu ya wastani, τ ni 2.80 na β inashuka hadi 0.26.

Kwa usomaji huo mhimili mrefu unazidi ule mfupi kwa takriban asilimia 32, 40 au 27. Tarakimu ya maabara ni moja na fomula ni ile ile. Kilichobadilika ni neno. Usomaji wa pili huifanya samariamu-152 ionekane imerefuka kuliko samariamu-154, na hivyo hupindua mpangilio mzima wa isotopu hizo. Kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja, iliyosisitizwa na Eugen Wüster katika nadharia ya istilahi, mara nyingi hutetewa kwa sababu za unadhifu. Hapa inaonekana kuwa sharti la ukweli.

5.4 Kuoza, kutoa mwali na kushuka

Kitenzi kuoza hutumiwa kueleza mabadiliko ya viini nururifu. Europiamu-152, kwa mfano, hugeuka kuwa samariamu-152 au gadoliniamu-152, na nusu ya viini vyake huwa vimegeuka baada ya takriban miaka 13.5. Kwa tukio hilo kuoza kuna mantiki, maana kitu cha awali kimetoweka na kingine kimezaliwa. Kiini cha samariamu kilichoko katika ngazi ya msisimko hakigeuki kitu kingine. Ni samariamu kabla na samariamu baada ya kushuka. Tena chanzo kile kile cha europiamu hutumiwa kuzalisha ngazi ya keV 122 inayopimwa, kiasi kwamba sentensi moja inaweza kulazimika kutaja miaka 13.5 na nanosekunde 1.40 kwa pamoja. Matukio yote mawili yakiitwa kuoza, msomaji atashindwa kujua ni lipi lenye muda upi.

Upande wa pili wa kosa ni kuliita tukio hilo kutoa mwali. Katika samariamu-152, kwa kila miali 100 inayotoka kwenye ngazi hiyo, kuna takriban mara 116 ambapo nishati huchukuliwa na elektroni bila mwali wowote kuonekana. Anayesema kwamba muda uliopimwa ni muda wa kutoa mwali ameiondoa α katika fomula ya kwanza bila kujua, na β yake itafika 0.45.

Kitenzi kushuka hukwepa makosa yote mawili. Hakidai kwamba kiini kimebadilika wala hakitaji njia ambayo nishati imeondokea. Zaidi ya hayo, kinaunda mfumo pamoja na istilahi nyingine: ngazi, kupanda, kushuka, mshuko, nguvu ya mshuko. Istilahi zinazotokana na taswira moja hukumbukwa pamoja na husahihishana.

5.5 Majina ya maumbo

Dhana inayowakilishwa na β ni kiasi ambacho kiini kimeachana na utufe. Kiswahili kina maneno kadhaa jirani, na karibu yote yana mzigo wa kimaadili. Kauli ya kutendua ya kitenzi umba ni umbua, na kuumbuka, ambako kwa muundo ni kupoteza umbo, leo ni kuaibika. Kupotoka kumezaa upotovu. Ulemavu ni hali ya binadamu na haifai kupewa kiini. Mkengeuko unaonekana kufaa zaidi: una maana ya kuacha mstari uliotarajiwa, na wanaisimu na wanamtindo wamekwisha kuzoea jamii ya neno hilo katika kueleza ukengeushi wa lugha bila lawama. Inapendekezwa mkengeuko wa utufe, ili ijulikane pia kimekengeuka kutoka wapi.

Kwa maumbo yenyewe mfasiri hushawishika kusema umbo la yai kwa kiini kilichorefuka. Tashibihi hiyo si sahihi. Yai lina ncha moja nyembamba na nyingine butu, ilhali kiini kilichorefuka kina ncha mbili zinazofanana. Tende ni mfano bora, na kwa kiini kilichobonyea juu na chini mfano bora ni chenza. Umbo lenye upande mmoja mnene lipo pia. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyofanywa katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, iliyotoa ushahidi wa umbo hilo katika radiamu-224. Hilo ndilo linalostahili kulinganishwa na yai au, kwa uwazi zaidi, na kibuyu au parachichi. Kwa istilahi rasmi inatosha kusema tufe refu, tufe bapa na umbo la kibuyu. Ulinganifu wa majina hayo una kazi halisi: mwaka 2000 ilitolewa taarifa kwamba katika kiini kimoja cha risasi-186 kuna hali tatu za nishati zinazokaribiana, moja ya tufe, moja ya tufe bapa na moja ya tufe refu. Seti ya majina isiyo na mfumo ingeshindwa kueleza tokeo hilo kwa sentensi fupi.

5.6 Vitenzi vya ushahidi

Yapo pia matatizo ya vitenzi. Sentensi "watafiti wamepima umbo la kiini" ni nyepesi kusomeka, lakini imeruka hatua mbili. Kinachopimwa ni muda. Kinachokokotolewa ni nguvu ya mshuko. Umbo hufasiriwa kwa msaada wa nadharia ya Bohr na Mottelson. Zaidi ya hayo, fomula ya pili hutumia kipeo cha pili cha β, hivyo haiwezi kutofautisha tende na chenza. Muda pekee hutoa ukubwa wa mkengeuko. Upande wake hujulikana kwa ushahidi mwingine, kama vile namna kiini kinavyoitikia kinapopitwa karibu na kiini kingine chenye chaji kubwa. Matini ya Kiswahili inayotumia kitenzi kupima kwa hatua zote tatu humnyima msomaji nafasi ya kuuliza swali la msingi la sayansi: hili limejulikanaje?

6.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na uchambuzi huu inapendekezwa seti ifuatayo:

(a) Ngazi ya msisimko kwa hali yenye nishati ya ziada, na ngazi ya chini kwa ile isiyo na pa kushukia.

(b) Kushuka na mshuko kwa tukio la kuacha ngazi, bila kujali njia. Kutoa mwali kutumiwe pale tu mwali unapotoka. Kuoza kubaki kwa viini vinavyogeuka kuwa vya elementi nyingine.

(c) Wastani wa maisha kwa τ. Neno maisha lisiandikwe peke yake mbele ya tarakimu.

(d) Muda wa kubaki nusu kwa kipindi ambacho nusu ya viini huwa bado haijashuka.

(e) Mkengeuko wa utufe kwa β, pamoja na tufe refu, tufe bapa na umbo la kibuyu.

(f) Kupima kwa muda, kukokotoa kwa nguvu ya mshuko, na kufasiri kwa umbo.

Pendekezo (d) litapingwa kwa kigezo cha ufupi, na pingamizi hilo lina uzito, kwani istilahi ndefu huchosha na mara nyingi hukatwa na watumiaji. Hata hivyo, katika hesabu istilahi hiyo ina alama yake, na katika maelezo urefu wake unabeba fasili nzima: kinachobaki ni nusu, na kinachotajwa ni muda. Pale ambapo nusumaisha limekwisha kuzoeleka, si lazima lifutwe. Ni lazima lifasiliwe linapotajwa kwa mara ya kwanza, na uhusiano wake wa 0.693 na wastani wa maisha uandikwe wazi.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba tatizo la istilahi za kisayansi haliishii katika kupata neno kwa kila dhana. Katika upimaji wa maumbo ya viini, hoja inaanzia kwenye muda, inapitia nguvu ya mshuko na kuishia kwenye umbo. Kila hatua ina neno linaloweza kuipotosha: umri huleta uzee usiokuwepo, muda wa kudumu huleta umilele, nusumaisha huleta nusu isiyo yake, na kuoza huleta kifo cha kitu kisichokufa. Maneno hayo yote ni Kiswahili sanifu, na ubaya hauko ndani yake bali katika mahali yalipowekwa.

Kwa wanaisimu hili lina matokeo ya kiutendaji. Istilahi zilizopendekezwa zijaribiwe katika matini ndefu zenye hesabu kabla ya kusanifiwa, na mtaalamu wa somo aombwe kukokotoa tokeo kutokana na matini ya Kiswahili pekee, bila kurejea lugha nyingine. Akipata 0.31, istilahi zimefaulu. Akipata 0.37 au 0.26, kasoro itafutwe katika maneno kwanza, kabla ya kumtilia shaka aliyekokotoa.